Mshike Mtoto Mkono, Mwende Mkaone

Wasomaji wangu, juma hili nataka kuungama kosa langu kabla ya kutoa shauri lo lote. Mtu anayewashauri wenzake juu ya malezi, naye huku anaficha aliyoyaharibu nyumbani kwake, hastahili kusikilizwa.

Jumamosi moja, katika siku za mvua za vuli, nilikuwa nimeketi barazani pangu hapa Kilifi nikisoma gazeti. Mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka saba, akaja mbio kutoka kwenye ua wa minyaa. Alikuwa akitweta kwa furaha. "Baba, njoo uone! Kuna mnyama anayetazama mbele na nyuma kwa wakati mmoja!" Nikaondoka kitini, nikamfuata. Juu ya tawi palikuwa na kinyonga wa rangi ya kijani kibichi, akienda kwa mwendo wake ule wa kusitasita, jicho moja likinitazama mimi na la pili likimtazama mtoto.

Basi mimi, mtu niliyesomeshwa katika shule ya misheni hadi kumaliza masomo ya sekondari, karani wa serikali anayevaa tai kila siku, nilirudi nyuma hatua mbili kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Nikapiga kelele, "Usimguse! Mwue!" Mtoto akanitazama kana kwamba hakunisikia vizuri. Nikamtilia fimbo mkononi. Akatii, kwa kuwa ni mtoto mwenye adabu. Kazi ile ilipokwisha nikamsifu, nikamwambia, "Umefanya kiume."

Hakuifurahia sifa hiyo. Alisimama akimtazama yule kinyonga, ambaye rangi yake ilikuwa imeanza kugeuka, kisha akaniuliza, "Baba, alikuwa amefanya nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba kinyonga ni mnyama mbaya. Akauliza ubaya wake ni upi. Nikamwambia aende akanawe mikono, nami nikarudi kwenye gazeti langu, lakini sikuweza kusoma hata mstari mmoja. Kinyonga hana sumu. Wala hatuharibii mazao; hula nzi, panzi na wadudu wengine wanaotusumbua. Hayo yote nilifundishwa shuleni, nikayajibu katika mtihani na kupata alama nzuri.

Majuma mawili yakapita. Ndipo nilipotambua jambo lililoniumiza zaidi: tangu siku ile mtoto hakuniita tena kuja kuona kitu cho chote.

NILICHORITHI KWA BABU

Msidhani kwamba mimi nililelewa mbali na viumbe. Nilizaliwa katika kijiji kimoja kando ya hori ya Mida, kati ya Kilifi na Malindi. Marehemu babu yangu alikuwa mvuvi wa madema. Hakujua kusoma wala kuandika, walakini maji yalipokupwa alikuwa akinichukua mikokoni, na huko ndiko nilikoanza masomo yangu ya kwanza.

Babu hakuwa msemaji. Aghalabu aliniuliza swali moja tu, kisha akaniacha nilifikiri mpaka tunafika nyumbani. "Mjukuu wangu, mti huu unazaaje?" Nikatazama, nikaona kwamba tunda la mkoko huota lingali juu ya mti, likateremsha mche mrefu wa kijani uliochongoka kama mkuki. Wakati wake ukifika, mche ule huanguka na kujichoma matopeni, au huchukuliwa na maji ukaenda kuota mahali pengine. Siku nyingine akaniuliza kwa nini mti wa mchu umezungukwa na vijiti vingi vinavyochomoza matopeni. Ilinichukua muda mrefu kufahamu kwamba ile ni mizizi, na kwamba mti huvutia pumzi kwayo, maana katika tope zito hewa haipatikani.

Hata hivyo, babu huyo huyo ndiye aliyenifundisha kumwogopa kinyonga. Ndiye aliyeniambia kwamba bundi akilia juu ya paa la nyumba, mtu atakufa. Mimi niliyapokea yote mawili, mapenzi na hofu, kwa sababu yalitoka katika kinywa cha mtu niliyempenda. Naona siri ya jambo hili lote imo humo. Mtoto mdogo hapimi habari za ulimwengu kwa ukweli wake; huzipokea kwa imani aliyo nayo kwa yule anayemwambia. Wazee hawakukosea waliposema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Baadaye nilikwenda shule ya bweni, halafu nikaingia ofisini. Mezani pangu hupita majalada ya mashamba, mipaka na miti. Naweza kusema kwamba nimeandika neno "msitu" mamia ya mara, na mwanangu alikuwa hajaingia msituni hata mara moja. Alikuwa ameishi miaka saba karibu na bahari bila kupata kuona mche wa mkoko ukining'inia mtini. Alikwisha ona simba wanaoogelea na dubu wa nchi za baridi katika simu ya mama yake, lakini hakujua jina la ndege anayelia dirishani kwake kila alfajiri. Sikuweza kumlaumu yeye, wala simu, wala mwalimu wake.

SOMO LILILOHARIBIKA

Basi Jumamosi iliyofuata nikamchukua, tukapanda gari la abiria liendalo Malindi, tukashuka Mida. Wenyeji wa huko wana daraja la mbao na kamba lipitalo katikati ya mikoko mpaka kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Tulifika wakati maji yanakupwa. Nikaanza kazi kwa bidii: nikamtajia mkoko, mchu, mkandaa, msinzi na mlilana, nikamweleza faida ya kila mmoja, boriti zake, kuni zake, na jinsi samaki wachanga wanavyojificha katika mizizi. Nilisema kama mwalimu aliyeambiwa kwamba mkaguzi yu mlangoni. Nusu saa haikupita, mtoto akawa anatupa vijiti majini. Akaniuliza tutarudi nyumbani saa ngapi.

Kusema kweli nilikasirika. Nikanyamaza, nikaketi. Na katika kunyamaza kwangu, yeye akaona kaa.

Alikuwa kaa mdogo mwenye gando moja kubwa kupita kiasi, akilipunga juu na chini kama mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya hori. Mtoto akalala kifudifudi juu ya mbao ili amwone vizuri. Mimi nami nikalala kando yake, na shati langu safi. "Baba, anamwita nani?" Jibu nililijua: dume hupunga gando lake ili kuwavuta majike na kuwatisha madume wenzake. Lakini safari hii nililimeza jibu langu, nikamwuliza, "Wewe waonaje?" Tukakaa pale karibu muda wa saa nzima. Mwishowe akaona mwenyewe kwamba wengine wana magando mawili madogo yaliyo sawa, na kwamba hao hawapungi. Alinieleza jambo hilo kwa fahari kubwa, nami nikamsikiliza kama mtu asiyelijua.

Mbele yetu, juu ya mchanga uliokuwa umeachwa wazi na maji, kulikuwa na ndege wengi. Baadhi yao walikuwa weupe wenye migongo myeusi na midomo minene, wakila kaa. Ndege hawa hutaga mayai ndani ya mashimo wanayoyachimba mchangani, katika pwani za Somalia, Bahari ya Sham na Ghuba ya Uajemi, kisha huja kukaa kwetu. Wengine walikuwa wadogo wa rangi ya kijivujivu, ambao uzito wao hauzidi sana ule wa yai la kuku. Miongoni mwa hawa wadogo wako wanaozaliwa katika nchi za baridi kali za kaskazini mwa Urusi. Hufika kwetu pepo za kusi zinapoelekea kwisha, na mwezi wa Aprili au Mei huwa wengi wao wamekwisha kwenda zao.

"Wanajuaje njia?" akaniuliza. Nikajibu, "Wataalamu husema huongozwa na jua, nyota na mambo mengine, lakini mimi sijui vyema, mwanangu." Akageuka, akanitazama usoni. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kunisikia nikisema kwamba sijui. Njia nzima ya kurudi nyumbani hakuacha kusema.

Mwaka 1956 mwanamke mmoja wa Marekani, Rachel Carson, mtaalamu wa viumbe vya baharini, alichapisha makala juu ya jambo hili hili. Alikuwa na desturi ya kumchukua Roger, mtoto wa mpwa wake, tangu angali mchanga sana, kutembea ufukweni na mwituni katika jimbo la Maine, mchana na usiku, hata mvua ikinyesha. Hakumpa masomo. Alishangaa pamoja naye tu. Maoni yake yalikuwa kwamba kwa mtoto, kuhisi hutangulia kujua: akikwisha kukipenda kitu, atatafuta mwenyewe habari zake, na habari hizo zitamkaa. Tena aliona kwamba mtoto anahitaji walau mtu mzima mmoja wa kushiriki naye furaha hiyo. Babu yangu hakupata kusikia jina la bibi huyo, lakini katika mikoko ya Mida alikuwa akifanya kazi ile ile.

HOFU SI HESHIMA

Nilipokwisha kujifunza kunyamaza, ilinibaki kazi ngumu zaidi, yaani kuiondoa hofu niliyoipanda mwenyewe.

Karibu na nyumba yetu pana mbuyu mkubwa. Jua likichwa, watoto wote wa mtaa huupita mbio, kwa maana wameambiwa kwamba ni maskani ya shetani. Ni ajabu, kwa sababu hao hao mchana hununua mabuyu yaliyotiwa sukari na rangi nyekundu, wakayamung'unya mpaka midomo ikawa kama iliyopakwa dawa. Kila mtoto wa Pwani amekula mabuyu. Ni wangapi walioona ua la mbuyu?

Mbuyu ulipochanua nikamchukua mwanangu, pamoja na dada yake mwenye miaka kumi, tukaenda kuketi chini yake jioni. Mke wangu alisema, "Baba watoto, nyinyi mnakwenda wapi na giza linaingia?" Alipoona hatusikii, akatufuata na tochi, akasimama mbali kidogo, tayari kutuokoa. Maua ya mbuyu huning'inia kwa vikonyo virefu, na ni makubwa kama ngumi ya mtu mzima. Jua lilipozama tukaona moja likianza kupasuka, na petali zake nyeupe zikakunjuka mbele ya macho yetu. Binti yangu akashika mdomo. Giza lilipozidi, wakaja popo. Walikuja kwa ajili ya maji matamu yaliyomo ndani ya ua, na kwa kufanya hivyo wanachukua vumbi la ua hili na kulipeleka kwa ua lile, ndipo mti upate kuzaa.

Nikawaambia watoto, "Hawa ndio mashetani wa mbuyu. Bila wao mabuyu yangekuwa haba." Wakacheka, na mama yao naye akasogea akaketi nasi. Asubuhi tulipita tena tukaliona ua lile limeanguka, limegeuka rangi ya udongo. Maisha yake ni ya usiku mmoja.

Wako watakaosema kwamba hofu ndiyo iliyolinda miti yetu. Watatutajia kaya za Wamijikenda, ambazo baadhi yake ziliandikwa na UNESCO mwaka 2008 katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ni kweli kwamba misitu ile ilisimama karne nyingi kwa amri ya wazee, hata ukavu wa kuni haukuokotwa ovyo. Lakini nadhani tunachanganya mambo mawili. Kijana wa zamani alipelekwa kaya na wazee wake, akaonyeshwa njia ya kupita na mahali pa kuvua viatu, akajua kwa nini mti fulani haukatwi. Hiyo ni heshima, nayo ilifundishwa kwa kutembea pamoja. Hofu tupu haidumu. Siku mtu anapoacha kuiamini, shoka huingia, kama lilivyoingia katika kaya kadha wa kadha vijana walipokosa wa kuwaongoza.

Mfano mwingine ni bundi. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao sote tunaupita kando yake tuendapo Malindi, yuko bundi mdogo ambaye urefu wake haufiki shubiri moja. Wataalamu walimtambua katika miaka ya 1960, na mpaka leo hajulikani kupatikana po pote duniani ila katika misitu michache ya pwani yetu hii na katika misitu ya chini ya milima ya Usambara huko Tanzania. Msitu huo ni wa kilomita za mraba 420 hivi. Ndani yake yuko pia sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama mwenye pua ndefu ambaye karibu wote waliobaki wako katika wilaya zetu hizi. Watu husafiri kutoka Ulaya na Marekani ili wawaone viumbe hawa wawili. Mtoto wa hapa Kilifi anajua tu kwamba bundi ni wa kupigwa mawe. Askari wa misitu wanafanya kazi yao, lakini msitu uliozungukwa na vijiji pande zote hauwezi kulindwa na askari peke yao, ikiwa watoto wa vijiji hivyo wanakua bila kumpenda hata kiumbe mmoja aliyemo.

MANENO YA WAZAZI WENZANGU

Nilipoyazungumza haya na rafiki zangu, mmoja alisema, "Bwana, hayo ni mambo ya watalii. Mimi nataka mwanangu afaulu mtihani." Namheshimu kwa neno hilo, maana ada ya shule si mchezo. Lakini na tuangalie. Tangu mwaka 1993, katika magofu ya Gede, kumekuwa na shughuli ya Kipepeo, ambayo wakulima wanaoishi kando ya Arabuko-Sokoke hufuga viwavi, na vinapojifunga katika maganda yao huuzwa nchi za ng'ambo kwa mabanda ya maonyesho ya vipepeo. Vile vile, tangu 2001 shirika la A Rocha Kenya limekuwa na mpango wa kuwasaidia kwa karo watoto wa sekondari wanaoishi karibu na msitu huo na hori ya Mida. Kwa hiyo kuujua msitu hakumzuii mtoto kupata elimu wala riziki. Pamoja na hayo, sipendi kuliweka jambo hili mizanini kama nazi. Mtoto aliyezoea kutazama kwa subira, kuuliza, na kungoja jibu, huyo amekwisha anza kusoma.

Mwingine alisema hana nafasi. Nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo, mpaka nilipohesabu saa nilizokuwa nikizipoteza barazani.

Wa tatu, mama mmoja jirani yetu, alisema kwamba mambo haya ni ya akina baba na wana wa kiume. Huyo nilimtajia Wangari Maathai. Alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Katika kitabu cha maisha yake ameeleza jinsi mama yake alivyompa kishamba kidogo kiwe chake, na jinsi alivyomkataza kuokota kuni za mgumo uliokuwa karibu na nyumbani, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Karibu na mti ule palikuwa na kijito, na msichana yule alishinda hapo akijaribu kuyaokota mayai ya vyura, akiyadhani ni ushanga. Mwaka 1977 alianzisha chama cha Green Belt, kilichopanda mamilioni ya miti, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Mama yake alikuwa mkulima wa kawaida. Hakumnunulia kitu, alimpa kipande cha ardhi, neno moja la heshima, na ruhusa ya kuchezea maji.

MASHAURI MACHACHE

Kwa hiyo, wasomaji, naomba kuwatolea yale niliyojifunza kwa makosa yangu.

Kwanza, nenda naye mwenyewe. Si lazima iwe mbali. Shimo la siafu nyuma ya jikoni latosha kwa asubuhi nzima. Wa mjini ana mwarobaini wa mtaani. Wa ufukweni ana maji ya bamvua, yanapokupwa mbali na kuacha vidimbwi katika miamba.

Pili, fuata macho yake. Akisimama, simama. Wewe wataka kumwonyesha tembo, yeye anamtazama jongoo. Basi mtazameni jongoo.

Tatu, usione haya kusema "sijui". Muulizeni mvuvi, au nyanya anayejua miti ya dawa, au walimu wanaosimamia vyama vya wanyama shuleni, ambavyo katika Kenya vilianzishwa mwaka 1968.

Nne, mpe kitu cha kutunza kiwe chake. Mche mmoja wa mkorosho au mwembe, apewe na kikopo cha kumwagilia maji. Ukifa, asipigwe, apandiwe mwingine.

Tano, mfundishe hatari bila kumtisha. Nyoka ni nyoka: asimame, arudi nyuma polepole, aite mtu mzima. Mchangani mwa bahari asikanyage ovyo, maana taa hujificha humo na mkiani ana mwiba. Ajue saa ya maji kujaa kabla hajaenda mwambani. Mtoto anayejua hatari ilipo hana haja ya kuogopa mahali pote.

Sita, afundishwe kuacha vitu mahali pake. Katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizowekwa mwaka 1968, ni marufuku kuchukua makombe na matumbawe. Mweleze sababu: yuko kaa mwenye mwili laini, asiye na ganda lake mwenyewe, ambaye hukaa katika kombe tupu kama mpangaji. Ukilichukua kombe, umemfukuza mtu nyumbani kwake.

La mwisho si shauri, ni habari tu. Jumapili iliyopita nilikuwa barazani tena na gazeti langu. Nikasikia sauti kutoka kwenye ua wa minyaa. "Baba! Njoo uone!"

Niliacha gazeti likianguka, nikaenda. Alikuwa kinyonga mwingine, mdogo kuliko yule wa kwanza. Sikushika fimbo. Nilisimama nyuma ya mwanangu, na nawaambia kweli yangu, magoti yalinitetemeka, kwa maana hofu ya miaka thelathini haiondoki kwa safari moja ya Mida.

"Baba, waogopa?"

"Naogopa kidogo."

Akanyosha mkono wake nyuma, akanishika vidole. "Usiogope," akasema. "Simama hapa. Ukisimama hapa wamwona vizuri."

Tukasimama pale wawili mpaka kinyonga akafika mwisho wa tawi lake. Tuonane juma lijalo.